Jiwe la Ratili 14

Jumamosi moja, wiki kama sita zilizopita, nilimsindikiza shangazi soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kuchukua mzigo wa dagaa. Ana kibanda Kitangiri. Siku akihitaji mtu wa kubeba hunipigia simu jioni yake: "Baba, kesho una kazi?" Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la babu, yaani baba yake. Ukiitwa hivyo huna namna ya kusema una kazi.

Tulipofika kwa jamaa anayemuuzia, gunia lilikuwa limeshasogezwa kwenye mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso kama saa. Shangazi akasema ngoja. Akaingiza mkono kwenye kiroba, akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha kanga, akakifungua taratibu. Jiwe la mizani. La chuma, jeusi, pembe zimelika kwa kushikwa miaka mingi. Akalitundika mwenyewe.

Jamaa akanuna. "Mama, kwa hiyo unaniona mwizi?"

"Wewe sijakupima," akasema shangazi. "Napima mizani."

Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia mbele kidogo ya sita na robo. Shangazi akainama akaukodolea jicho moja kama fundi cherehani anayetunga uzi. "Haya, pandisha gunia."

Jiwe lile ni la ratili 14, la enzi za Mwingereza. Kwa kilo ni sita na gramu 350 hivi. Gramu hizo shangazi hazijui wala hazimhusu. Alichofundishwa ni kwamba mshale lazima upite sita na robo na usifike sita na nusu. Basi.

Mambo yangeishia hapo kama nisingefungua mdomo. Tukiwa kwenye bajaji na gunia miguuni, nikamtania: "Shangazi, na mizani yako ya kibandani umewahi kuipima kwa jiwe hili?"

Akacheka. "Yangu?"

Tulipofika akalitundika, bado anacheka. Mshale ukapita sita na robo. Ukapita sita na nusu. Ukaenda kusimama kwenye sita na robo tatu.

Mizani ikiwa tupu mshale ulikuwa unakaa kwenye sifuri sawasawa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka siku zote. Springi ndiyo iliyochoka. Nilipiga hesabu kwenye simu: aliyelipia kilo moja alikuwa anaondoka na gramu kama 940. Kila mteja, kila siku, kwa muda ambao hata shangazi mwenyewe haujui.

Akalifunga jiwe kwenye kanga yake, akalirudisha kirobani. Akaja mama mmoja akaomba nusu kilo. Shangazi akampimia, kwa mizani ileile.

Mimi nilipokea hela, nikarudisha chenji.

Babu na pamba

Nyumbani kwetu jiwe hili lina hadithi yake, na baba alikuwa akiisimulia kwa madaha. Miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba Usukumani walikuwa wamechoka na mizani za wanunuzi. Mtu anatoka kwake na mzigo anaoujua, amejitwisha mwenyewe njia nzima, akifika kwenye mizani mzigo umepungua kama umelia njiani. Wakaanza kuchagua watu wao, wanaojua kusoma mizani, wakasimame pale pale pamba inapopimwa na kuangalia. Babu alikuwa mmoja wao, upande wa Magu. Jiwe alilipataje, hilo baba hakulisema vizuri, na nimejifunza kutolichimba.

Kutoka kwenye kusimamia mizani, wakulima wakaenda kwenye kumiliki mizani. Vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 shirikisho la vyama hivyo likasimama hapa hapa Mwanza, Paul Bomani akiwa kinara wake. Watu wasiokuwa na benki wala bunge walijenga kitu ambacho kilikuja kununua pamba ya kanda nzima. Nikiambiwa "kujitegemea", picha inayonijia ni hiyo, kabla hata ya Azimio la Arusha.

Baba alikuwa anaishia hapo. Sehemu iliyobaki nilisimuliwa na bibi, akiwa anachambua mchele, bila madaha yoyote.

Uhuru ulipokuja na ushirika ukawa mkubwa, manung'uniko yakarudi. Mizani zilezile, ila sasa makarani walikuwa watoto wetu. Ilipofika 1966 serikali ikaunda kamati maalumu ya kuvichunguza vyama vya ushirika nchi nzima, na miaka miwili baadaye lile shirikisho likavunjwa, kikaanzishwa chama kikuu kingine cha ushirika, Nyanza. Bibi alisema wakati ule wazee wa kijiji walimfuata babu, wakamwomba achukue jiwe lake akasimame kwenye mizani ya chama kama zamani.

Babu akakataa. Alisema hawezi kwenda kumpima ndugu yake mbele za watu.

Nilikuwa nimeisahau kabisa sehemu hiyo. Ilinirudia usiku wa siku ile ya Kitangiri, nikiwa nimelala, na haikuondoka.

Tujipime wenyewe

Sasa niseme kwa nini ilinikera kiasi hicho, maana gramu 60 za dagaa si kesi ya kumnyima mtu usingizi.

Wiki hiyohiyo ofisini, kwenye chai ya saa nne, tulikuwa tumebishana juu ya nani anaipima Afrika. Mwenzetu mmoja alikuja na moto: orodha ya rushwa inatoka Berlin kwa Transparency International, alama za mikopo wanatupa Moody's na Fitch, kampuni za nje za kukadiria madeni, sisi ni wa kusubiri matokeo kama watoto wa darasa la saba. Mimi nilimuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko ya kwake. Nikataja APRM, ule Mpango wa Afrika wa Kujitathmini Kiutawala Bora, kama mtu aliyeshiriki kuuanzisha. Nikasema mizani yetu tunayo tangu 2003, tatizo hatujiamini.

Na kwenye karatasi, kwa kweli, ni kitu kizuri. Nchi haiburuzwi, inajiunga kwa hiari. Inaanza kwa kujitathmini yenyewe: siasa na demokrasia, usimamizi wa uchumi, uendeshaji wa kampuni na mashirika, maendeleo ya jamii. Kisha linakuja jopo la Waafrika wengine kuangalia kama ulichojiandikia kinafanana na wanachokiona na kukisikia. Mwisho rais anakaa mbele ya marais wenzake, ripoti iko mezani, wanamuuliza. Ghana ilitangulia kupitia hatua hiyo mapema 2006. Tanzania ilijiunga 2004, na zamu yetu mbele ya wakuu wa nchi ikafika Januari 2013, Addis Ababa.

Miaka tisa. Wapo waliozaliwa mwaka tunajiunga wakawa darasa la tatu mwaka tunajadiliwa.

Lakini si muda ulioniangusha. Baada ya kibanda cha shangazi nilijiuliza swali dogo tu: mimi niliyekuwa napiga kelele kwenye chai, ripoti yetu nimewahi kuishika? Sijawahi. Nikawauliza wenzangu mezani, mmoja mmoja. Hakuna. Na sisi ni watumishi wa umma, tunalipwa kusoma makaratasi.

Mizani ilipokuwa sahihi

Nilijifariji kwamba labda tatizo ni ubora wa tathmini zenyewe. Huenda tunajipendelea. Nikakaa jioni mbili nikifuatilia za wenzetu, na hapo ndipo mambo yakaniharibikia zaidi.

Kenya ilipimwa mwaka 2006. Ripoti ilizungumzia mgawanyiko wa kikabila, ardhi, na mgao usio sawa, ikaonya kwamba humo mna hatari. Desemba 2007 wakapiga kura. Yaliyofuata tuliyaona kwenye televisheni, na wengine tuliyaona kwa macho, kwa wasafiri waliokwama na ndugu wasiopokea simu. Walikufa zaidi ya watu 1,100.

Afrika Kusini ilipimwa 2007. Ripoti ikataja chuki dhidi ya wageni kutoka nchi nyingine za Afrika kama jambo linalokua. Serikali ya Rais Mbeki, mmoja wa waasisi wa mpango wenyewe, haikulikubali hilo. Mei 2008 watu wakaanza kuwindwa mitaani, na zaidi ya 60 wakauawa.

Kwa hiyo mizani ya Afrika ilisoma sahihi. Mara mbili. Ilisoma mambo ambayo hata Berlin na wenzake hawakuyasema kwa uwazi ule.

Mshale ukasimama kwenye sita na robo tatu, watu wakauona, kisha jiwe likafungwa kwenye kanga.

Niliporudi kazini sikumwambia yule mwenzangu. Hoja yake ilikuwa nzuri, na sikuwa na nyingine ya kumpa.

Alama tulizokubaliana

Hapa niseme neno juu ya fomu, kwa sababu watumishi wenzangu watanielewa.

Enzi za OPRAS, ile fomu ya kupima utendaji wa mtumishi wa umma, kulikuwa na safu tatu za alama: unajipa wewe, anakupa mkuu wako, kisha "alama tulizokubaliana". Moja ndiyo bora kabisa, tano ndiyo mbaya. Nimejaza miaka yote. Sikumbuki kama niliwahi kujipa tatu. Sikumbuki pia kama mkuu wangu aliwahi kunibishia, kwa sababu na yeye alikuwa na fomu yake kwa mkuu wake, na mwisho wa mwaka kila mtu anataka amani. Siku hizi tuko kwenye mfumo wa kompyuta, PEPMIS, na tunajaza usiku mtandao ukiwa mwepesi. Skrini imebadilika. Mkono ni uleule.

Kuna mwaka mmoja niliharibu kazi. Sitasema ni kazi gani. Ilitosha mzee mmoja kutoka visiwani kupanda kivuko mara tatu kufuata karatasi moja iliyokuwa kwenye droo yangu. Mwaka huo nilijipa moja. Mkuu akaweka moja. Tukakubaliana moja.

Yule mzee hakuwa na safu kwenye fomu.

Nimewaza sana kuhusu hilo, kuliko nilivyowaza kuhusu marais. Ukiniuliza leo APRM imepungukiwa nini, watu wenye utaalamu watakwambia fedha, kwamba nchi nyingi zimekuwa zikichelewesha michango yake hata pale kiwango cha chini kilipokuwa dola 100,000 kwa mwaka, na kwamba wahisani wa nje wamekuwa wakiziba pengo. Hiyo ni kweli na ni aibu. Kujitathmini kwa pesa ya jirani ni kichekesho. Lakini mimi kila nikiiangalia ile picha ya wakuu wa nchi mezani, naona fomu yangu. Naona wenye fomu wakikubaliana.

Mwaka wa mapanki

Nilimpelekea shangazi hoja hizi, nikiwa nimezipunguza ukali. Akaniuliza kama nakumbuka 1999.

Nakumbuka kidogo. Yeye wakati ule alikuwa anauza mapanki, yale mabaki ya sangara kiwanda kikishachukua minofu. Ulaya ikazuia samaki wa ziwa hili kwa hofu kwamba wanavuliwa kwa sumu. Viwanda vikapunguza kazi, na kiwanda kisipotoa minofu hakuna panki. Ndani ya wiki chache biashara yake ikafa. Ndivyo alivyoingia kwenye dagaa, kwa kufukuzwa.

Mtaani wote tuliimba wimbo mmoja: Wazungu wana wivu na samaki wetu.

"Na sumu je?" nikamuuliza.

Alikuwa anapepeta, akaendelea kupepeta. "Tulikuwa tunajua. Kila mwalo una watu wake, na watu wake wanajulikana."

"Mbona hamkusema?"

"Kwa nani? Halafu ni watoto wa nani wale?"

Leo tuna maabara ya kupima ubora wa samaki, iko Nyegezi, na ni kitu cha kujivunia. Minofu ikitoka hapa imepimwa hapa. Ila ilibidi mlango ufungwe kwanza na mtu wa mbali, na aliyeumia hakuwa aliyemwaga sumu. Aliumia muuza mapanki. Hilo ndilo linalonifanya nisiweze kuishangilia mizani ya nje moja kwa moja, wala kuitukana moja kwa moja. Na zile hoja za sasa kwamba Afrika iwe na wakala wake wa kukadiria mikopo, hoja ambazo APRM yenyewe inazisukuma, nazipokea kwa moyo uliogawanyika. Naitaka mizani hiyo. Naogopa springi yake.

Mwalimu aliandika nini

Kwa miaka mingi silaha yangu kwenye mabishano ya namna hii imekuwa 1977. Miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikaa akaandika tathmini yake mwenyewe, na humo akakiri kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa na wala haijajitegemea. Hakuna mfadhili aliyemlazimisha. Rais aliyeko madarakani, na chama kimoja, anaandika kwamba shabaha yake kuu hajaifikia. Nitajie wengine.

Bado naamini ni jambo kubwa. Lakini safari hii niliiweka tarehe ile kando ya nyingine mbili ambazo huwa naziruka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikafutwa, na Nyanza ikiwemo. Kwa hiyo wakati Mwalimu anajipima kwa ujasiri ule, pale ambapo mkulima wa Magu angeweza kusimama na kumsomea mizani pameshaondolewa. Alibaki na dhamiri yake. Ilikuwa dhamiri kubwa, lakini ilikuwa moja.

Baadaye alikiri kwamba kufuta vitu hivyo viwili lilikuwa kosa. Vilirudishwa miaka ya 1980. Babu alikuwa ameshafariki.

Kitangiri tena

Wiki tatu sikukanyaga kibandani. Nilijidai nina kazi. Siku nilipokwenda nilikuwa nimejiandaa kusema, nikaamkia shikamoo, nikaanza kwa mbali, kuhusu mizani na sheria na stika ya Wakala wa Vipimo iliyokuwa imefifia pale juu.

Shangazi akanikatisha. "Siku ile wewe ulipokea hela."

Sikuwa na jibu.

"Ukarudisha na chenji," akaongeza, kana kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kumbe mizani ilikuwa imeshatoka kwa fundi. Springi mpya, imehakikiwa, ina stika mpya ya kung'aa. Nikadhani yameisha. Nikamuuliza wateja wa zamani vipi. Akasema amewaambia baadhi, wale anaowajua kwa majina. Mmoja alicheka na kusema hata yeye kwenye genge lake ni hivyohivyo. Mwingine aliuliza atalipwaje gramu zake za miaka yote hiyo, akaongezewa sado moja, akaondoka bila kusema asante. Mmoja hajarudi mpaka leo, na ndiye aliyekuwa ananunua nyingi.

"Umejutia kuwaambia?"

"Ndiyo," akasema. Kisha akanituma maji.

Niliporudi niliona kitu ambacho sikukiona nilipoingia. Jiwe la babu lilikuwa juu ya meza, upande wa wateja. Limefungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza, kama kalamu ya benki, lisichukuliwe.

Akaja mtoto wa kike, sare ya shule, umri wa miaka tisa kumi hivi, ametumwa robo kilo. Akaliona jiwe. Akauliza ni la nini. Shangazi akamwambia apime mizani kabla hajapimiwa, ndiyo kazi yake. Mtoto akalinyanyua kwa mikono miwili, nikamsaidia kulitundika. Tukauangalia mshale wote watatu mpaka ukatulia.

"Inatakiwa isome ngapi, bibi?"

"Sita na robo na kidogo."

Mtoto akauangalia mshale, akamwangalia shangazi.

"Nani kasema?"